Siku Niliyompima Kaka Amani Sukari

Mi nacheka sasa, lakini siku ile pale hospitali Lilongwe ningepata shimo ningejifukia mwenyewe, na yote ilitoka kwa wivu wangu tu.

Dada Solange alimpa kaka yetu Amani figo moja (mi pia nilijitolea, vipimo vikasema yangu haifai), na tangu hapo kambi yetu nzima ya wakimbizi, Dzaleka, inamsalimia Solange kwa mikono miwili, mi wananipita kama nguzo. Dawa za kulinda ile figo zikamletea kaka kisukari, daktari akaonya kwamba sukari ikipanda ovyo itaharibu figo mpya na moyo pia, basi kila asubuhi Solange anamchoma kidole kumpima, wanacheka wawili, mi niko jikoni na moshi.

Jumapili moja tulingoja wageni wa kanisa, Solange anaoga, nikaacha mandazi niliyokuwa nanyunyizia sukari, nikapangusa mikono kwenye kitenge (nilijiona daktari kabisa), nikamshika kaka kidole, nikakibinya vizuri, nikachoma.

Mashine ikaonyesha ishirini na saba. Kawaida yake ni saba.

"We Neema, iko ngapi?" kaka akauliza, nikamwita Solange kwa kelele.

Solange akatoka na sabuni kichwani, akaona namba, mama akaanza kulia, wageni njo walikuwa wanaingia, wakaanza kuomba, tukampakia kaka kwenye kabaza, baiskeli ya kubeba abiria, hadi barabarani, tukakodi gari, na wamama watano wa kwaya wakajibana humo na sare zao, bado wanaomba.

Njiani kaka akaninong'oneza, "Kama figo ya Solange imekufa, nitamwambia nini?" Nikalia kuliko mama.

Muuguzi akamwambia kaka anawe mikono kwa sabuni, akapima. Saba.

"Nani alipima nyumbani?"

Nikainua mkono. Akaushika, akachungulia kucha.

"Dada, hii sukari ni ya mgonjwa ama ya mandazi?"

Wamama wa kwaya walicheka mpaka mmoja akakaa chini, na wagonjwa wa watu wakacheka pia.

Solange hakucheka. "Si ungeniomba tu," akasema. "Kila asubuhi naogopa kutazama ile namba peke yangu."

Sitasema wivu umeisha, lakini nimeapa kutopima tena kwa kuiba. Siku hizi tunakaa watatu: kaka ananawa, mi nanawa mara mbili, Solange anachoma kisha anafumba macho, na namba mi njo naisoma.