Avokado ya Mtu Anayerudi Kwao

Juzi kwa muuza miche pale Kabingo, mzee mmoja Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nakivale alikuwa akichagua miche ya avokado. Mama wa kanisani kwake akamshika mkono.

"Papa, kila ibada unasimama, unatuambia mwaka huu tunarudi kwetu. Sasa miti ya nini? Uko munafiki!"

Mzee akapapasa majani ya mche. "Mama, kurudi nitarudi. Lakini kama Mungu anakawia, batoto bakule."

Neno "mnafiki" tunalirusha ovyo kama mawe. Mnafiki huficha upande mmoja. Mzee huyu alikuwa na maneno mawili yanayogombana, na yote aliyasema mchana kweupe.

Mama alinung'unika, kisha akamgeukia muuzaji. "Na miye unipe moja, ile yenye kuzaa mbio. Si mwaka huu tunarudi?"