Dada Wanne wa Ithungu

Ukifika Mpondwe, mpakani mwa Uganda na Kongo, siku ya soko ukaulizia wakala wa forodha mwenye maneno mengi kuliko makaratasi, hakuna atakayekupoteza. Watakupeleka kwa Siraj. Mwaka wa 2013 alikuwa na miaka arobaini na miwili, mrefu, mwenye tumbo lililoanza kujitokeza, na kazi yake ilikuwa kuwashughulikia wenye malori hati za mizigo inayovuka kwenda Beni na Butembo. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Iliyomfanya aamke na hamu ilikuwa nyingine: kila Jumapili mchana, katika ghala tupu la kahawa pale Bwera, Siraj alikuwa mwigizaji.

Hakusomea. Miaka minne nyuma alikwenda Kampala kufuatilia hati ya lori lililozuiliwa, akangojeshwa siku nne, na kwa kukosa la kufanya akaingia ukumbini kutazama mchezo wenye nyimbo. Uliitwa Binti wa Pekee. Ulimhusu tajiri aliyejaliwa mtoto mmoja tu, msichana, naye akawa anawatimua wachumba kwa vituko. Siraj alicheka mpaka akashika mbavu. Kesho yake akarudi. Siku ya tatu akarudi tena. Hati ilipotoka alipanda basi la Kasese akiwa na nyimbo kumi na moja kichwani, na tangu hapo akawa mtu mwenye maoni.

"Wimbo kwa mchezo iko kama lori kwa geti," aliwaambia wapagazi waliokuwa wamekalia magunia wakingoja mzigo. "Kama iko na kitu ndani, fungua ipite. Kama iko tupu, inasimama pale ya nini, na foleni yote inangoja?"

"Muzee, leo tunabeba mchele ama nyimbo?" mmoja akamuuliza.

"Beba mchele. Lakini sikia."

Maoni makali zaidi aliyaweka kwa wale wanaochukua mchezo wa watu na kuugeuza. Kundi moja lilikuwa limeutoa Binti wa Pekee kwenye video, na Siraj aliitazama mara moja tu akaapa hairudii. Walikuwa wametia milima, wametia magari, wametia wachezaji arobaini, na yule binti mdomo wake ulikuwa huku na sauti kule. Kundi jingine lilibadilisha mwisho, yule tajiri akaokoka kanisani, na Siraj alilizungumzia jambo hilo kwa hasira wiki tatu, hata nyumbani kwake wakati wa kula. Sheria yake ilikuwa moja. Anayegeuza mchezo ageuze lugha na majina, basi.

"Mzigo umefungwa lakiri huko ilitoka," alisema. "Mimi nabadilisha makaratasi. Kontena ya mtu sifungui."

Kwa sheria hiyo akakaa miezi minane akiugeuza mchezo ule kutoka Kiganda kuja Kiswahili, neno kwa neno, kwa kukumbuka na kwa kusikiliza kanda aliyotumiwa na rafiki. Alichagua Kiswahili kwa sababu ndicho kilichowakutanisha watu wa soko lile, Wakonzo wenyeji, Wakongomani, na Waislamu wa biashara kama yeye. Nafasi ya tajiri alijipa mwenyewe, wala hakuona haya. Binti alimpa Mbambu, mwanamke kutoka Butembo aliyeuza mafuta ya mawese na kuimba kwaya ya Wakatoliki. Na gitaa likawa la Sosthène, fundi wa redio. Jina la binti lilibidi liwe la hapa. Siraj akakumbuka jina alilolisikia likiitwa sokoni, akalipenda mlio wake, likaingia kwenye muziki bila kusukumwa: Ithungu.

Mazoezi yalikwenda vizuri isipokuwa jambo moja. Kulikuwa na wimbo ambao Kampala ulichezwa kwa mbwembwe: binti yuko peke yake nyumbani, anacheza na ufagio, anauita mume wangu. Mbambu aliuimba polepole. Ufagio aliupakata kama mtu aliyeachiwa kitu akitunze.

"Mama Mbambu, hii wimbo ni ya kuchekesha."

"Najua, Papa Siraj."

Kisha akauimba vilevile. Siraj alitaka kuendelea kubisha, lakini aliona kwamba kila wimbo ule ulipoanza, wapagazi waliosimama mlangoni kuchungulia walinyamaza. Akajiambia ndiyo sauti ya huyu mama ilivyo.

Zikabaki siku kumi na tatu. Wakafika kwenye onyesho la mwisho, ambalo walikuwa hawajalifanyia mazoezi kwa sababu mtu wa kuigiza mchumba alikuwa safarini. Wazee wa mchumba wamekuja, tajiri anasimama mbele yao, anasema maneno ambayo Kampala yaliuangusha ukumbi kwa kicheko. Siraj alikuwa ameyangoja miaka minne. Akalitoa tumbo mbele, akatanua mikono:

"Binti ni huyu mmoja! Kabla yake sikuzaa, baada yake nikachoka!"

Hakuna aliyecheka. Sosthène alizifunika nyuzi za gitaa kwa kiganja. Mbambu akaufunga upya mkanda wa kitenge chake, jambo alilolifanya sokoni mteja akimtukana.

"Unasema nini, Papa Siraj?"

"Ni maneno ya mchezo."

"Na bale bane?"

"Bane gani?"

"Dada za Ithungu! Masika, Biira, Kabugho, Mbambu. Mutu anazika batoto bane, kisha anasimama mbele ya bageni anasema hakuzaaka?"

Siraj akawatazama mmoja mmoja. Kwa Wakonzo na ndugu zao wa ng'ambo ya mpaka, msichana hupewa jina kwa kufuata nafasi aliyozaliwa, na Ithungu ni binti wa tano. Kila mtu mle ghalani, tangu siku ya kwanza, alisikia kwamba tajiri ana mtoto mmoja aitwaye Ithungu, akaelewa kuwa wanne wamekufa. Na kwa kuwa mtu haulizwi juu ya watoto aliowazika, hata iwe mchezoni, hakuna aliyeuliza. Siraj alikulia Kasese mjini, kati ya wenye malori waliotoka kila pembe. Majina ya Kikonzo aliyajua yote, ila aliyajua kama ajuavyo namba za magari.

"Mimi nilipenda tu jina," akasema.

Kisha Mbambu akaanza kutikisika mabega. "Jama! Hata miye Mbambu niko wa ine. Niko ndani ya kaburi yako miezi yote hii, na wewe hauna habari!" Ghala zima likaangua kicheko, na Siraj naye akacheka, ingawa masikio yalimwaka moto.

Sosthène ndiye aliyetoa dawa. "Patron, weka Masika. Huyo ni wa kwanza, matata inaisha."

Wakajaribu hapohapo. Jina likakaa kwenye muziki sawasawa. Mbambu, sasa akijua hana aliyemzika, aliuzungusha ufagio, akaukonyeza, akauita mume wangu kwa madaha yote ya Kampala. Siraj alipata kile alichokuwa akikidai muda wote ule. Na mlangoni, wapagazi wakarudi kwenye mazungumzo yao ya bei ya maharagwe.

Alirudi nyumbani bila maneno, na mkewe Swabrah aliliona hilo kabla hajavua viatu. Alimpakulia chakula, akasikiliza habari yote mpaka mwisho.

"Baba Nabila, kwa hiyo unakosa raha sababu ya watoto hujazaa."

"Mama Nabila, usinicheke. Nikiweka Masika, nasema maneno yangu na watu wanacheka. Mchezo unabaki vile niliupata."

"Na yule mama anaimba kama redio."

"Anaimba kama redio."

"Na Ithungu?"

"Na Ithungu lazima nikate lakiri. Yale maneno yanatoka. Naanza kuandika yangu, mimi, mtu wa makaratasi." Akasogeza sahani. "Miaka nne nangoja kile kicheko, Swabrah."

Swabrah hakumwambia afanye nini. Alisema tu kwamba yeye angependa kumjua huyo mzee aliyezika wanne, kwa maana yule mwingine anaonekana mpumbavu, na akaondoa vyombo.

Siku tatu Siraj alikaa na daftari mezani pa kazi, katikati ya hati za saruji. Siku ya nne akaukata mstari wa kicheko kwa kalamu, mara mbili, ili asijaribiwe kuurudia. Sosthène alitaka hapo pawe na wimbo, beti nne, binti mmoja kila ubeti. Alikuwa ameshatafuta na muziki wake. Siraj akakataa.

"Mtu anataja watoto yake aliowazika, haimbi. Wimbo itakuja nyuma, kwa mwenye amebaki."

"Kwa hiyo wewe utafanya nini pale mbele?"

"Nitataja."

Onyesho lilikuwa Jumamosi, saa tisa alasiri. Ghala lilijaa mpaka watu wakasimama madirishani. Waliokuja kutoka msikitini walikaa upande mmoja kumtazama Siraj akijiaibisha, kama walivyomwambia wenyewe kwa furaha, na wenye mafuta na dagaa wakakaa upande mwingine. Walicheka kwenye vituko vya wachumba. Kwenye wimbo wa ufagio walinyamaza, na Siraj, nyuma ya pazia la turubai, alihesabu pumzi zake.

Wazee wa mchumba wakaingia, wakaomba. Tajiri akasimama. Tumbo lake halikutoka mbele. Mikono aliiacha ining'inie.

"Wa kwanza, Masika," akasema, akangoja kidogo. "Wa pili, Biira."

Mwanamke mmoja safu ya mbele akaguna. Siraj alifungua mdomo kwa wa tatu, na sauti chache za chini zikamtangulia: Kabugho. Hilo halikuwa kwenye daftari. Akanyamaza, na katika kunyamaza kwake ghala zima, hata wale wa madirishani, likasema jina la wa nne. Mbambu mwenyewe, aliyepiga magoti pembeni kama binti wa tano, akainamisha kichwa.

"Sasa mmekuja kuniomba Ithungu," Siraj akasema. Sauti yake ilikuwa ndogo kuliko alivyopanga.

Ndipo Mbambu alipoimba.

Jumanne ilikuwa siku ya soko. Siraj alikuwa akivuka barabara kuelekea ofisi ya forodha, hati kwapani, akimweleza dereva mmoja kwamba mchezo ukihamia mahali papya hauna budi kuwauliza wenye mahali pale wamezika nani, maoni ambayo mwezi uliopita angeyaita ujinga. Mwanamke mzee asiyemfahamu, mwenye beseni la dagaa kichwani, akasimama mbele yake. Alilitua beseni chini, ingawa lilikuwa zito, akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Pole, baba," akasema. "Pole na bale batoto."

Siraj alitaka kumwambia kwamba watoto wake ni watatu, wazima, na asubuhi ile walikuwa wamegombania chapati. Dereva alikuwa akimtazama, amesogea kando kwa heshima, kofia mkononi.

"Asante, mama," Siraj akajibu. "Tumeshapoa."

Kisha akainama, akamsaidia kulipandisha beseni kichwani.