Viatu Visivyo na Msumari

Siku mchungaji aliposimama kanisani kutangaza kwamba wazee wetu wawili wa misheni wamemaliza kazi, na kwamba watarudi kwao kiangazi kitakapokwisha, wanawake wa benchi yangu walianza kulia. Mimi sikulia. Nilikasirika. Nilivitazama vile vichwa viwili vyenye mvi pale mbele, cha mume na cha mke, nikajiuliza swali moja tu: nani atamshonea mama yangu viatu?

Lazima nieleze habari ya viatu, maana asiyeijua atadhani nilikuwa mtu wa tamaa. Mama yangu alikuwa akikaa katika kijiji cha wagonjwa wa ukoma, mwendo wa saa moja na nusu kwa miguu kutoka kambi ya reli ya Kamina, nilikoishi na watoto wangu wawili na mume wangu, fundi wa karakana ya treni. Vidonge vipya vilivyoletwa miaka ile ya hamsini vilikuwa vimeuzuia ugonjwa wake, lakini havikumrudishia hisia za nyayo wala za mikono. Mama aliweza kukanyaga kaa la moto akaendelea na mazungumzo yake. Alikwisha kupoteza vidole vitatu vya miguu kwa vidonda ambavyo hakuvijua mpaka nzi walipomjulisha.

Mzee wa misheni ndiye aliyeukomesha mkasa huo. Kwao, kabla ya kuitwa kwenye kazi ya Mungu, alikuwa fundi wa matandiko ya farasi, na mkono wake haukusahau ngozi wala sindano. Alikuwa na sanduku la mbao lisilo na kifuniko, analijaza udongo wa kichuguu uliolowa, anamwambia mgonjwa akanyage. Halafu anauinamia ule wayo na miwani zake mbili, moja juu ya nyingine, na kuusoma kama wengine wasomavyo Zaburi. Palipozama sana ndipo pabaya. Hapo atachimba kidogo soli ya kiatu, iliyokatwa kwenye mpira wa gurudumu la lori, na juu yake atashona tabaka za blanketi kuukuu, ili mwili ukae juu ya kitu laini. Msumari haukuingia katika viatu vyake hata mmoja. Alikuwa akisema kwamba msumari ni nyoka, na mguu usiosikia hauwezi kumkimbia nyoka. Tangu mama avae viatu hivyo, miaka mitatu ilipita bila kidonda.

Na mkewe? Nikianza kumsifu bibi yule nitashinda hapa. Alikuwa mfupi, mnene, sauti yake ya kuimba mbaya kabisa, naye akipenda kuimba kuliko wote. Alikaa kwenye kigoda, akaweka mguu wa mgonjwa juu ya paja lake, akaosha kidonda ambacho harufu yake ilimtoa mume wangu nje siku ya kwanza. Yeye ndiye aliyeanzisha desturi ya jioni. Jua likikaribia kushuka, wagonjwa walikaa wawiliwawili barazani, kila mmoja akautazama wayo wa mwenziwe, halafu wakabadilishana. Alisema macho ndiyo yafanye kazi iliyoachwa na ngozi. Ili asiwepo wa kuona haya, wao wazee wenyewe, wazima kabisa, walivua soksi mbele ya watu kila jioni na kutazamana. Mzee alikuwa na miguu myembamba iliyojaa mishipa, na bibi alimgombeza kwa lugha yao kuhusu kucha, sisi tukicheka. Wazungu wengine wa Kamina hata mikono hawakutupatia tusalimiane. Hawa walitupatia nyayo zao.

Mwenzi wa mama katika kutazamana alikuwa bibi, akishamaliza na mumewe. Si kwamba mimi sikuwapo. Alhamisi na Jumapili nilikuwa huko. Lakini tangu ugonjwa umwingie, miaka tisa, mama hakuniruhusu nimguse. Nikileta chakula, niweke chini, nirudi nyuma, ndipo achukue. Bibi alimweleza mara ngapi kwamba vidonge vimekwisha kufanya kazi, hakuna tena cha kuniambukiza. Mama alikuwa akijibu, "Yeye iko na batoto," basi, mlango umefungwa.

Baada ya lile tangazo la kanisani nilimfuata mzee kwenye banda lake la kushonea. Nilikuwa mshonaji wa nguo, sindano naijua, vidole vyangu vina nguvu. Nikamwomba anifundishe. Alinitazama kwa upole, akaendelea kukata mpira.

"Haina lazima, mama," alisema. Kiswahili chake alikipata kwa watu wa reli, kama sisi sote tusemao minyi kwa mimi na njo kwa ndiyo. "Minyi nitaacha biatu ya kutosha. Kila muntu atakuwa na jozi tatu. Hamutahangaika."

Na kweli, alijifungia kazini. Mikono yake ilikuwa imeanza kutetemeka, lakini alishona asubuhi mpaka jioni, jozi juu ya jozi, akizipanga katika kasha la bati, kila moja na kibandiko cha jina. Hakumwita mtu akanyage udongo. Alikuwa na michoro ya zamani ya miguu yote, na muda ulikuwa mfupi. Niseme ukweli, nilimpenda sana kwa hilo, na nilimkasirikia sana kwa hilo hilo. Mkewe alinivuta pembeni, akanipa mfuko wa vipande vilivyobaki na sindano nene iliyopinda.

"Mume wangu anafikiri miguu iko matofali, haigeuke," aliniambia. "Weye angalia mikono yake, jifunze kimya."

Nikajifunza kimya. Nyumbani nilishona, nikafumua, nikashona. Mume wangu alinitania kwamba hata treni itaanza kuvaa viatu. Jirani mmoja aliuliza tangu lini mwanamke akawa fundi viatu, nikamwambia tangu wanaume walipokataa kuishika miguu ile.

Wiki sita kabla ya safari, bibi alilala na malaria siku kumi, na mama akakosa mwenziwe wa barazani. Mama aliwaambia watu kwamba fulani amekwisha kumtazama, na yule fulani akadhani ni mwingine. Alhamisi moja nikamkuta amekaa kivulini, pekupeku, miguu ameiingiza chini ya kitenge, viatu vipya alivyopewa mapema kutoka kwenye lile kasha viko mlangoni. Nilikiokota cha kulia ili niuone vizuri mshono wa kisigino. Blanketi la ndani lilikuwa na doa jeusi lililokauka, na juu yake doa jingine, bichi.

Sikusema na mama. Hasira zilinipanda, nikaenda moja kwa moja bandani na kukitupa kiatu kile juu ya meza ya mzee, mbele ya wagonjwa watano waliokuwa wakisubiri dawa. Binti wa mtu hamtupii mzee kitu. Nililijua hilo, na mkono ulikuwa umekwisha kutupa.

Mzee akavaa miwani zote mbili. Akaingiza vidole ndani ya kiatu, akavitoa, akavitazama. Halafu akainuka, akatembea mpaka kwa mama, akapiga magoti ya uzee pale mavumbini na kumwomba amwonyeshe mguu. Mama akakataa. Mzee akaomba tena. Bibi alikuja amejifunga shuka la kitandani, jasho linamtoka, akaufunua mguu mwenyewe. Ulikuwa umevimba upande, umebadilika kabisa tangu ule mchoro wa zamani, na kiatu kilikuwa kimeula kwenye mfupa wa chini ya kidole kikubwa.

"Mama, kwa nini ulinyamaza?" niliuliza.

"Minyi sisikiaka maumivu, unajua."

"Lakini damu uliona."

"Niliona," alisema, na akawa anasema nami huku akimtazama mzee. "Sasa ningemwambia nini? Muzee mukubwa, mikono inatetemeka, anashona siku yote juu yangu. Njo nimurudishie, niseme iko bibaya?"

Huyo ndiye mama yangu. Zawadi ya mzee hairudishwi, hata ikiwa inakula nyama yako. Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini hawakusema lolote juu ya mtu anayeficha maradhi kwa heshima. Nikatazama kijiji kile chote, nikaelewa kwamba si yeye peke yake. Wote wangevaa, wote wangenyamaza, na mzee angekuwa mbali asijue kamwe.

Naye alielewa. Alirudi bandani, akalivuta lile kasha la bati mpaka barazani na kuomba watu waitwe. Akasema, "Minyi njo nimewakosea. Nilishona miguu ya zamani." Kisha akatoa kisu chake na kuanza kukata mishono, jozi moja baada ya nyingine, kazi ya miezi miwili. Mkewe, na homa yake, akavuta kigoda akakaa kando yake, akachukua mkasi na kukata naye. Hakumlaumu. Hakumwambia "nilikuambia", neno ambalo mimi nisingeweza kulimeza hata kwa maji. Kila akimaliza jozi alimpapasa mumewe mgongoni, akachukua nyingine.

Nimewaona watu wengi wakitoa. Mtu anayekiri mbele ya wale aliowapa, akaharibu kwa mkono wake mwenyewe kile alichojivunia, nimemwona huyo mmoja tu. Nilimwomba radhi kwa kukitupa kile kiatu. Alinikabidhi kisu.

"Kesho kuya mapema," aliniambia.

Siku zilizobaki alinifundisha bila huruma. Alinifumulisha mshono mmoja mara sita. Alinifunga macho kwa kitambaa, nipapase ndani ya kiatu kwa vidole na kutaja kila uvimbe. Tuliwapima wagonjwa wote upya katika udongo wa kichuguu, mimi nikisoma, yeye akisikiliza, na nilipokosea alikohoa tu. Nikaacha kumkasirikia, maana hakukuwa na nafasi ya hasira kichwani. Jozi ya mama ndiyo ilikuwa ya mwisho, kwa sababu tulingoja kidonda kifunge. Siku ya kumpima, mtu alihitajika kumshika kifundo cha mguu ili akanyage sawasawa. Nilinyoosha mkono, mama akauondoa mguu. Bibi akashika yeye. Mimi nikausoma wayo wa mama yangu kwenye udongo, alipokwisha kuuondoa, na nikauwekea kidole changu katika lile shimo la kisigino wakati hakuna aliyekuwa akitazama.

Waliondoka asubuhi ya baridi, treni ya kwenda kusini. Wagonjwa waliagana nao kijijini siku ya kuamkia safari, kwa nyimbo, na bibi aliziharibu zote kwa sauti yake. Stesheni tulikuwa watu wa kambi na wa kanisa. Wale wazee hawakwenda kukaa upande wa Wazungu. Walikaa nasi juu ya masanduku yao mpaka filimbi ikapigwa. Bibi alinikumbatia na kunong'ona, "Barazani leo, mama yako hana muntu." Mzee alinipa ile sindano yake ya ngozi, imefungwa kwenye kipande cha blanketi, akapanda behewa. Hapo nikalia, na nililia sana, mbele ya mafundi wote wa karakana ya mume wangu.

Haikuwa Alhamisi wala Jumapili, lakini mchana nilishika njia ya kijijini. Nilifika watu wamekwisha kukaa wawiliwawili. Vile viti viwili vya wazee vilikuwa pale pale, hakuna aliyevikalia. Mama alikaa peke yake mwisho wa baraza, amevaa viatu nilivyomshonea, akitazama mbele.

Nikakaa mkabala naye, chini. Sikumwomba, maana nilijua atakataa. Mwishowe akavua kiatu kimoja, taratibu, kwa vidole vyake vilivyopinda, akainua mguu na kuuweka juu ya paja langu. Ulikuwa mzito na wa moto kidogo. Miaka tisa.

"Usiangalie sawa mutoto wangu," alisema. "Angalia sawa fundi."

Nikaangalia kama fundi, si kama mtoto wake, ingawa macho yalikuwa yamejaa na ilinibidi kuyafuta mara mbili. Kovu lilikuwa limefunga, rangi yake nzuri. Hapakuwa na wekundu, hapakuwa na lengelenge. Nikatazama na wa pili. Nikamwambia miguu yake ni mizuri, nikamvisha viatu na kutaka kuinuka.

"Unaenda wapi? Leta yako."

"Yangu iko mizima, mama."

"Sikukuuliza. Hii njo desturi. Leta."

Nikavua, nikampa mguu. Mama yangu akaushika kwa mikono yote miwili, akausogeza karibu na macho yake, akaupindua kuelekea mwanga, akapitisha kidole gumba chake kisichosikia chini ya vidole vyangu kimoja kimoja, kama alivyofanya nilipokuwa mdogo. Akasimama kwenye cha mwisho.

"Onaye," akaita watu wa baraza nzima waone. "Fundi wa biatu anatembea na funza."

Wakacheka wote. Akaomba pini, akaniinamia, akaanza kumtoa.