Blada ya Gambuti

Binti yangu alirudi kutoka likizo ya Kitale akiwa amenenepa, akijua kukamua ng'ombe, na akiburuta mguu wa kulia. Kwa mambo mawili ya kwanza tulimshukuru baba yangu. La tatu tulimlaumu mtoto.

Alikuwa na miaka saba. Akipiga hatua, ncha ya kiatu ilikwaruza sakafu, kisha unyayo ukaanguka pwaa kama chapati iliyotupwa mezani. Nikamwambia aache madoido. Mume wangu akasema anaiga wanasoka. Jumamosi tukampeleka Bumula kwa mama mkwe, kwa sababu katika ukoo nilikoolewa hakuna ugonjwa unaoruhusiwa kwenda hospitali kabla haujapita kwake.

Kukhu, kama wajukuu wanavyomwita, alimkalisha kwenye kiti akamwambia ainue vidole vya miguu. Vya kushoto vikainuka. Vya kulia vikalala tu. Mtoto aliviangalia kana kwamba ni vya jirani.

"Ni maziwa," Kukhu akaamua. "Huko Kitare wanapea mtoto maziwa kama ndama, ugari wa wimbi hakuna. Sasa mguu utatoa nguvu wapi?"

Nikampigia baba simu. Baba ni mkulima, Mkikuyu aliyehamia Trans-Nzoia akiwa kijana, na tangu hapo hajawahi kukubali kwamba kitu kibaya kinaweza kutoka shambani mwake.

"Aliondoka hapa akiwa mzima," akasema. "Ni miwa ya huko kwenu. Sukari imemwingia kwa mguu."

Niliwacheka wote wawili. Lakini nilipokuwa nikimwogesha mtoto na kuvikausha vile vidole visivyojibu, niliogopa. Niliogopa polio, niliogopa uvimbe wa kichwani, niliogopa na magonjwa ambayo hata majina yake siyajui.

Daktari wa watoto pale Bungoma alikuwa mwanamke kijana aliyezungumza na mtoto na kutuchukulia sisi watu wazima kama mizigo iliyomsindikiza. Alimpapasa kwa pamba juu ya mguu, mtoto akasema hasikii vizuri. Kisha akagonga kwa kidole kando ya mguu, chini kidogo ya goti, pale penye kifundo cha mfupa. Mtoto akaruka.

"Stima imeingia kwa mguu!"

Daktari akatabasamu; umeme huo ndio aliokuwa akiutafuta. Akatueleza kwamba neva inayoinua mguu hupita hapo, juu ya mfupa, karibu kabisa na ngozi. Ikibanwa kwa muda mrefu, inanyamaza.

"Mgongo wake uko sawa, na goti liko sawa. Ni hapa pamebanwa. Huwa mnamfunga nini?"

"Hakuna," tukajibu pamoja, kwa sauti ya watu wa kanisa.

Akamuuliza mtoto.

"Hakuna kitu," mtoto akasema. "Ni blada tu."

Basi ikajulikana. Kwetu Kitale mtoto hanunuliwi viatu vya mguu alio nao, hununuliwa vya mguu atakaokuwa nao. Gambuti, buti la mpira, likiwa kubwa hivyo hubaki kwenye tope na mtoto akaendelea na safari bila kiatu. Kwa hiyo hufungwa chini ya goti kwa blada, ule ukanda wa tyubu ya baiskeli. Mimi nilikua nimefungwa hivyo, na watoto wote wa majirani, na hakuna aliyeiona blada kuwa ni kitu cha kutajwa. Gambuti la kulia lilikuwa limechanika juu, kwa hiyo kila asubuhi Guka, yaani babu yake, baba yangu, alilikaza zaidi, kisha wakachuchumaa pamoja chini ya ng'ombe mpaka maziwa yaishe.

Daktari alimpa plastiki ya kuvaa ndani ya kiatu ili mguu usianguke. Akakataza kuchuchumaa na kukunja nne, mguu mmoja juu ya mwingine. Na kila siku mtu amshike vidole, ainue na kushusha polepole, kisha yeye mwenyewe ajaribu kusukuma juu. Nikauliza kama nguvu itarudi.

"Kwa watoto mara nyingi hurudi. Lakini neva haiharakishwi. Tusipoona dalili, tutaipima, na pengine tumpasue tuifungue."

Neno kupasua nililibeba hadi nyumbani kama jiwe kwenye kiatu.

"Mimi nirijua ni kitu cha Kitare," Kukhu akasema bila haya, akayachukua mazoezi kama mtu anayelima na maksai: "Inua! Inua, bana!"

Nikampigia baba kumweleza habari ya blada. Wiki hiyo alikuja Bungoma na jogoo chini ya kwapa. Alimsalimia mjukuu wake kwa mdomo tu, akakaa mbali. Nikamwomba amfanyishe mazoezi, akasema mikono ni michafu. Akanawa. Bado ikawa michafu. Mzee anayetania hata mazishini hakuthubutu kumgusa mtoto, nami niliumia kuliko nilivyoumia kwa ule mguu.

"Guka amekasirika kwa sababu nilisema?" binti yangu aliniuliza.

Nilimwambia hapana. Hakuniamini. Baba akawa anakuja, analeta jogoo, anakaa mbali, anaondoka.

Jumapili moja baada ya kanisa tulikuwa wote Bumula. Mtoto akavua kiatu, akaenda mpaka alipoketi babu yake, akampandishia mguu mapajani.

"Guka, ni zamu yako."

Kukhu akafungua mdomo kumwelekeza, kisha, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, akaufunga. Baba alikishika kidole gumba kwa vidole viwili, kwa woga, kama mtu aliyepewa yai la mtu mwingine.

"Sukuma," akasema polepole.

Tukainama kutazama. Hatukuona kitu. Kidole kilikuwa palepale.

Baba akainua uso.

"Ananisukuma," akasema.

"Mimi sioni," Kukhu akanong'ona.

"Nawaambia ananisukuma," baba akarudia, na machozi yakamtoka hapo mbele ya wakwe zake, asiyafute, kwa sababu hakutaka kukiachilia kile kidole.