Kitambaa cha Buluu Chini ya Sanduku

Mimi ni mtu wa rangi, na sijidai. Nikiingia nyumba ya mtu naangalia pazia kabla ya kuangalia chai. Kwa hivyo Mama aliponilalamikia kwamba anasikia baridi, tena nyumbani kwetu Mbita ambako dagaa wa omena hukauka juani kabla ya saa sita, nilimcheka kwanza, kisha nikaamua kumshonea blanketi la kuunga vipande. Kama ni kujifunika, basi ajifunike kitu cha kufurahisha macho.

Nilitoka Migori ninakoishi na mzigo wa vitambaa: leso mbili, shuka za mitumba, na sketi yangu ya shule ya rangi ya damu ya mzee. Nikavitandaza sakafuni kwa Mama, nikavipanga, nikavipangua. Nyekundu iligombana na manjano. Kahawia ilinuna. Jicho halikupata mahali pa kupumzika.

Mama alikuwa ameenda kwenye maombi. Aliniachia mfuko wa nguo kuukuu nyuma ya mlango, akasema nichague humo. Niliupekua nikaudharau. Nikavuta sanduku lake kutoka chini ya kitanda, nikaingiza mkono hadi chini kabisa, nikatoka na kitambaa cha buluu, kipya, kimekunjwa ndani ya gazeti. Sikushangaa. Katika kanisa lake kila mwanamke hupewa rangi ya kanzu kwa maombi, na Mama alipewa buluu kabla sijazaliwa. Nilidhani ni cha kanzu nyingine ya ibada, na kwamba nitamnunulia kingine. Nikashika makasi.

Aliporudi nilikuwa nimekata miraba ishirini na nne, na nilikuwa najisifu.

Alisimama mlangoni. Halafu akakaa chini polepole, akaokota mraba mmoja, akauweka kwenye goti.

"Nyathina," alisema, mwanangu, kwa sauti ya kawaida kabisa. "Umekata nguo yangu ya kwenda nayo."

"Kwenda nayo wapi, Mama?"

Swali langu mwenyewe likanirudia. Wanawake wa kanisa lake huzikwa na kanzu mpya ya rangi yao, ambayo haijavaliwa hata siku moja. Hilo nalijua tangu utotoni, nimewaona wakilazwa hivyo. Kilichonipiga ni kwamba Mama alikuwa ameshanunua kitambaa cha kanzu yake hiyo, akakiweka tayari, na mwaka mzima nimekuwa nikilala juu ya kile kitanda kila nikimtembelea.

"Nitakuletea kingine kesho," nilisema.

"Hiki kimeombewa. Na aliyekiombea tumeshamzika." Akaugeuza ule mraba. "Ukiviunganisha, kitatosha?"

Nilisema nitajaribu, lakini nilijua hakitatosha. Kila mshono hula kitambaa, na Mama ni mwanamke wa mwili. Nimemshonea magauni miaka mingi, yale mapana anayoyapenda, na kipimo chake nimekishika kichwani. Nilijichukia. Kwa sababu ya jicho langu la rangi, mama yangu angekosa kuzikwa kama wenzake.

Asubuhi nilimwomba avue gauni abaki na shimizi, nione mahali pa kubana. Nikazungusha tepu kifuani. Ncha ikakutana na namba ndogo mno kuliko ile niliyoishika kichwani. Nilidhani nimeshika vibaya, nikarudia. Chini ya vidole vyangu kulikuwa na mbavu, moja moja. Nikakumbuka ile baridi niliyoicheka.

Mama alikuwa akiangalia ukuta.

"Sema tu," alisema.

"Kitatosha, Mama." Nikashusha tepu. "Kitatosha na kingine kibaki."

"Najua," alisema, akainua mikono ili nipime kiuno.