Bonge la Senene

Mvua ya Novemba ilitukuta Ggaba kabla hata hatujapanda mashua, na sisi wawili tukacheka tu kama walevi. Vita vilikuwa vimekwisha miaka michache nyuma, Kampala ilikuwa inapakwa rangi upya, na mimi, Mkenya, nilikuwa karani katika duka la vifaa vya ujenzi Ntinda. Yeye, Mganda, ndiye aliyetunza stoo yetu. Alikuwa amenipenda mwaka mzima bila kusema neno, nami nilikuwa nimengoja mwaka mzima nikitafuna kucha. Jumamosi iliyofuata ningerudi Kisumu kwa kazi nyingine, ndipo akanialika nikaone kisiwa alikozaliwa. Nilijiambia, asiposema leo, basi tena.

Ziwani tulijifunika turubai moja pamoja na magunia ya sukari. Shangazi yake alitupokea ufukweni, jani la mgomba kichwani, akatangaza kwamba hatutaondoka bila kuona kila kitu. Alituonyesha kilima kilichomezwa na ukungu, akakisifu kana kwamba anakiona. Alituonyesha mti wa popo, kumbe popo wote wamehamia mti wa jirani, akawagombeza. Kiatu changu kimoja kilibaki matopeni, nikavua na cha pili. Nilicheka hadi mbavu zikaniuma. Penye utelezi yeye alinishika mkono, tukifika tambarare aliuachia upesi, nami nikaanza kuuombea utelezi uzidi.

Mvua ilipokatika, nyasi za mteremkoni zikaanza kurukaruka. Senene, wale panzi wa kijani wanaoliwa, walikuwa wametua wengi ajabu. Sisi kwetu tunakula kumbikumbi, kwa hiyo sikuhitaji kufundishwa. Nilivua kitambaa cha kichwa nikawakimbiza, nikaanguka, nikainuka, nikafunga bonge zima. Kisha nikamsukumia kifuani, nikamwambia wote ni wake.

Shangazi akapiga kigelegele. Yeye alilidaka bonge kwa mikono miwili, macho kwa shangazi yake.

"Nnyabo, wewe najua kitu umefanya?" shangazi aliniuliza. "Huku bibi ndiye napatia bwana yake senene. Na bwana, razima nanunulia bibi gomesi."

Gomesi ni lile vazi lao refu lenye mabega yaliyochongoka na mshipi mpana. Uso uliniwaka moto. Yeye akamwambia shangazi yake, harakaharaka, kwamba mimi ni mgeni, sikujua mila, tafadhali asinitanie. Alikuwa ananifungulia mlango wa kutokea, na hapo ndipo hasira zilinipanda. Mwaka mzima bubu, leo anapata mdomo wa kunitetea!

"Sikujua," nilisema. "Lakini sitawachukua tena. Ni wako."

Senene mmoja alichomoka kitambaani akampanda shingoni. Hakumtoa. Alinitazama vile alivyokuwa akinitazama stoo akidhani simwoni, ila safari hii hakugeuza macho.

"Unapenda rangi gani?" akaniuliza.

Nilikuwa nimejiapiza kwamba siku akithubutu kuniuliza chochote nitaringa, nimngojeshe naye walau wiki moja aonje.

"Nyekundu," nilisema, kwa sauti kubwa hadi shangazi akashtuka.