Supu ya Chukuchuku

Niliinua sufuria kwa kanga iliyokunjwa, nikaimwaga supu yote chini nyuma ya jiko la kanisa, mbele ya kina mama waliokuwa wameshika mabakuli wakisubiri kupakuliwa. Ilikuwa sikukuu ya mavuno. Samaki, viazi na vitunguu vikatapakaa kwenye majivu, na kuku wakafika mbio kudonoa.

Baadaye walisema nimepagawa. Sikupagawa. Nilikuwa nimekwisha kupeleka kijiko karibu na mdomo wa mwanangu, ndipo nikasikia harufu ya karanga. Supu niliipika mwenyewe asubuhi, bila hata chembe ya karanga. Nilikwenda kumwogesha mtoto, niliporudi mtu ameshatia mkono wake.

Mtu mwenyewe alikuwa mama mkwe wangu, mkuu wa jiko siku hiyo. Alinivuta pembeni. Hakugomba, alisema polepole, kama anayemtuliza ng'ombe.

"Mwanangu, uliiacha chukuchuku. Wageni wengine wametoka mpaka Kaliua. Nikaiunga kidogo, nikusitiri."

Kunisitiri. Neno hilo ndilo lililonichoma, kwa sababu alikuwa akisema kweli. Kwetu mboga isiyoungwa kwa karanga au maziwa ni mboga ya mchoyo au ya mvivu. Mwanamke mwema akifunua chungu cha mwenzake akakuta maji matupu, hutia konzi ya karanga zilizotwangwa, hufunika, wala hataji kamwe. Nimelelewa katika wema huo. Nami nasema wazi kwamba wema huo ulikuwa ukitaka kuniulia mtoto.

Maana haikuwa mara ya kwanza. Nyumbani kwa mama mkwe, Kwihara, mtoto aliwahi kula kisamvu cha karanga, midomo ikavimba, kifua kikaanza kulia kama filimbi. Baba yake alimpakia kwenye baiskeli, mimi nyuma nakimbia, mpaka hospitali ya mjini. Mganga alimchoma sindano, akakaa naye hadi alipopumua vizuri, kisha akaniambia karanga zisimguse tena mtoto huyu, hata kidogo. Nilirudi nikawaambia wote. Walinicheka. Shangazi wa mume wangu alisema Wazungu wanang'oa msitu mzima kule Urambo kwa matingatinga wapate kupanda karanga, sasa huyu msomi wetu anatuambia ni sumu. "Utawashtaki kwa Bwana Shauri wa wilaya?" akaniuliza. Tangu siku hiyo kila mmoja akawa anavizia kumjaribu mtoto kwa siri, kidogo kidogo, ili anionyeshe kwamba shule imenitia woga.

Supu yenyewe niliitoa shuleni. Tulifundishwa kupika supu nzito ya samaki ya Kizungu, ya maziwa, siagi na unga wa ngano. Jirani yangu wa mjini, mke wa fundi cherehani, alipoionja kwangu tumbo lilimwendesha hadi jioni. Akaniambia maziwa hayajawahi kupatana naye, na ngano humjaza gesi, ila kwenye karamu huona haya kukataa. Basi nikaiondolea yote hayo. Mume wangu yuko reli. Akitoka Kigoma huniletea migebuka ya kukaushwa kwa moshi na dagaa. Nikawa na samaki wazuri ndani ya maji mepesi. Kilichokosekana ni kitu cha kuishika, na hapo ndipo nilipokuwa nimekwama siku ile ya mavuno. Kwa kweli ilikuwa nyepesi. Mama mkwe hakukosea katika hilo.

Nilikaa kwa hasira muda mrefu, simwendei. Kisha nikafikiri: huyu mwanamke atampikia mwanangu siku nitakayougua, au nitakayojifungua mwingine. Nikambeba mtoto, samaki, sufuria yangu na mwiko wangu, nikaenda Kwihara. Nikamwamkia, akaitikia marahaba akitazama pembeni. Nikamwomba michembe.

"Ya nini?"

"Ya supu."

Alicheka bila kutaka. Michembe ni viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kukaushwa juani, chakula cha njaa, hapewi mgeni. Akaniletea ungo mzima na kinu. Kinu nilikikataa, kwa kuwa ndicho anachotwangia karanga. Nilidhani atanuna. Badala yake alikigeuza, akakitazama ndani, akapitisha kidole, akakinusa.

Nilichemsha michembe mpaka ikavurugika, nikaiponda kwa mwiko humo humo sufuriani. Nikatia vitunguu, nyanya, pilipili mbuzi, kisha vipande vya migebuka vilivyoondolewa miiba, dagaa mwishoni. Ikawa nzito, ina utamu kidogo, ina moshi, kijiko kinasimama. Mama mkwe alionja, akaonja tena.

"Umeiunga na nini?"

"Michembe yako, mama. Basi."

Alimpakulia mjukuu wake mwenyewe, akakaa akimtazama mdomo na kifua. Mtoto alimaliza bakuli, akaomba jingine, akaenda kusumbua mbuzi. Nilipokuwa nafunga mzigo, mama mkwe alikuja kunisaidia. Nilimwambia nitalifikisha jambo hili kwa barua kwa wazee wa kanisa, maana watoto wa namna hii huenda wapo wengine, nao hawana mama wa kumwaga sufuria.

"Andika kwamba ni mimi niliyetia," akasema. "Wasije wakamsingizia mwingine."

Niliandika barua usiku huo huo, nikaipeleka kwa mkono, na mzee wa kanisa akaisoma mbele yangu:

"Kwa Baraza la Wazee. Nalalamika rasmi kwamba kwenye sikukuu ya mavuno supu niliyoipika, ambayo mwanangu naye angekula, ilitiwa karanga bila mimi kuulizwa. Aliyetia ni mama mkwe wangu, kwa nia njema, naye ameniruhusu kusema. Mwanangu akila karanga hushindwa kupumua. Wapo pia waumini na wageni wasiopatana na maziwa wala ngano, nao hukaa na njaa kwa aibu. Naomba kila karamu iwe na chungu kimoja kisichotiwa karanga, maziwa wala ngano, chenye mwiko wake na mfuniko wake, na mtu asikiguse ila mpishi wake. Mpishi wa karamu ijayo nitakuwa mimi, na mama mkwe wangu amekubali kukaa karibu na chungu hicho kukilinda."